Kazi ya Kukaa Tu

Asiya wa Jabe hajui kukaa. Sisemi hivi kumsengenya, maana mwenyewe ukimwambia atacheka na kukubali, huku anafuta meza ambayo ameshaifuta. Mkaribishe kwako, mpe kiti, mpe chai. Chai haijapoa, ameshaona kikombe kichafu kule kwenye beseni, ameshainuka, ameshakunja mikono ya gauni, na wewe mwenye nyumba unabaki na aibu yako. Harusini utamkuta jikoni. Msibani, jikoni. Alipojifungua mtoto wake wa pili, wanawake waliokwenda kumpongeza walimkuta uani anachambua mboga za lengalenga, mtoto mgongoni ana siku nne.

Mikono hiyo ndiyo iliyompa kazi. Miaka sita iliyopita mama yake, Bi Zubeda, alianguka na kiharusi, kile ambacho Bujumbura nzima tunakiita AVC, hata sisi tusiojua herufi hizo zina maana gani. Upande wa kulia ukalala. Asiya akahamishia godoro lake chumbani kwa mama, akamlisha, akamwogesha, akamgeuza, akamsuka nywele kila Alhamisi. Miaka mitatu mama hakuinua hata kijiko. Alipofariki hakuwa na kidonda hata kimoja mgongoni, na shuka zake zilinukia sabuni. Mtaa mzima ulimsifu Asiya, hata imamu alimtaja kwa jina. Kisha watu wakaanza kumbishia hodi: njoo unisaidie kwa baba, njoo unisaidie kwa shangazi. Hivyo ndivyo alivyopata kazi ya kutunza wagonjwa majumbani, akiwa na miaka arobaini na mitano, bila cheti, bila darasa, ila sifa tu.

Wagonjwa wake walikuwa wasafi kuliko maharusi. Sasa sikiliza yaliyompata kwa Mzee Shakuru.

Mzee Shakuru ni fundi wa injini za dizeli, na garaji yake iko nyuma ya soko la Jabe tangu mimi sijazaliwa. Ni mjane wa miaka sitini na tisa, ana mtoto mmoja tu, na ana majivuno kidogo, tuseme ukweli. Alikuwa akimimina mafuta kwenye injini bila faneli, kwa mkono mmoja, galoni nzima, na vijana wanasimama kutazama kama tone moja litaanguka nje. Halikuanguka. Siku moja ya Jumanne alikuwa ameinamia injini ya lori, akaachia spana, akakaa chini, akajaribu kumwambia fundi mwenzake jambo, na maneno yakatoka yamevunjika vipande.

Alirudi kutoka hospitali baada ya wiki mbili. Mguu wa kulia ulikuwa unaburuzwa, lakini kwa fimbo ulikwenda. Mkono wa kulia ulining'inia tu. Akili ilikuwa nzima, ila maneno mengi yalikwama njiani na machache ndiyo yaliyofika. Neno la kwanza kurudi lilikuwa "apana", na alilitumia siku hiyohiyo, kwa mwanawe.

Mwanawe ni Mohamadi, muuza vipuri, mwenye nyumba kubwa kule Kibenga karibu na ziwa. Ni mtoto mwema, usimchukie mapema. Alitaka kumchukua baba yake.

"Chumba kipo chini, Baba, hakuna ngazi," alisema. "Televisheni ipo. Mutu wa kukuhudumia yupo. Na hewa ya ziwa."

"Apana."

"Sasa hapa utakaa na nani?"

"Apana, apana, apana."

Tumwelewe Mzee. Akikaa dirishani kwake Jabe, lori likipita anajua ni la nani na lina ugonjwa gani. Kila anayepita anamsalimia "fundi". Kibenga hakuna anayemjua. Kule atakuwa baba wa Mohamadi aliyepooza, amewekwa mbele ya televisheni, na Mzee aliogopa kufa akiwa mtu huyo. Aliogopa hasa, hadi machozi yalimtoka mbele ya mwanawe, jambo ambalo Mohamadi hakuwahi kuliona.

Basi wakapatana. Mohamadi alisema atampa baba yake Ijumaa sita. Kila Ijumaa baada ya sala angekuja kula naye chakula cha mchana, kama kawaida yao.

"Ijumaa ya sita, kama huwezi kula mwenyewe na kunawa mwenyewe, unahamia Kibenga. Mi silali, Baba. Nikisikia simu inalia najua ni wewe umeanguka."

Fundi mmoja wa garajini akakubali kuja kila asubuhi kumwogesha Mzee na kumvalisha. Kwa mchana wote akaitwa Asiya.

Wiki ya kwanza Asiya alifanya anavyofanya siku zote. Mzee akimeza tonge, la pili liko mdomoni. Mzee akitazama kikombe, kikombe kimeshamfikia. Mate hayajafika kidevuni, kitambaa kimeshapita. Ijumaa Mohamadi alikuja, akamkuta baba yake anang'aa, akamshika Asiya mikono yote miwili na kumwombea kheri kwa Mwenyezi Mungu. Asiya akarudi kwake akiwa na furaha, na kwa furaha hiyo akafua mapazia.

Jumatatu akaja Irène. Huyu ni mtu wa kine, yaani wa mazoezi ya viungo, binti wa mtaa wa Mutanga Nord, mfupi, begi mgongoni, na maneno yake machache. Alikaa pembeni akamtazama Asiya akimlisha Mzee chakula chote cha mchana, tangu tonge la kwanza hadi maji ya kunawa. Mwishoni akauliza, "Mama Asiya, umeshashiba?"

"Mi? Mi nitakula baadaye."

"Nilidhani we ndiye unayekula. Mikono inayofanya kazi hapa ni yako tu." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Mikono yako ni mizuri sana. Sasa ikalie."

"Niikalie?"

"Kaa juu yake. Huu mkono wa Mzee haukufa. Kichwa ndicho kimeusahau. Kila ukimfanyia kitu, unakiambia kichwa: sawa, endelea kusahau. Mwache ahangaike. Akimwaga, amwage. Akichukua saa nzima, achukue."

Asiya alimwona huyu binti hana adabu. Kumwacha mtu mzima ahangaike na kijiko, na wewe umekaa unamtazama? Alimweleza, kwa upole wa mtu aliyekasirika, kwamba hii kazi hakuianza jana, kwamba alimuuguza mama yake mzazi miaka mitatu bila kidonda.

"Hongera," Irène akasema, na alimaanisha. "Na mama, aliweza kushika kikombe tena?"

"Angeshikaje, na mimi nilikuwepo?"

Alilisema kwa kujivuna. Lilipomaliza kutoka ndipo alipolisikia. Irène alikuwa ameshaanza kufunga begi lake. Lakini lile jibu halikumwacha Asiya. Lilikwenda naye sokoni, lilisimama naye kwenye foleni ya bomba, na kwa sababu yake aliunguza mkate wote. Angeshikaje, na mimi nilikuwepo. Na mkono wa mama uliolala nao ulikuwa wa kulia, kama huu wa Mzee.

Alhamisi mazoezi yakaanza. Irène alileta mpira laini wa kuminya na vibanio vya kuanikia nguo. Mzee aliutazama mpira, akauchukua kwa mkono wa kushoto, akautupa nje ya dirisha. Mtu aliyefungua injini za malori miaka arobaini, unampa mpira wa rangi ya waridi! Asiya ilibidi ageuke ukutani kucheka.

Hata hivyo ni Asiya aliyeona lililo muhimu. Alikuwa ameliona tangu wiki ya kwanza, akalipuuza. Kila alipomnawisha Mzee kabla ya chakula, na kila alipommiminia maji ya udhu, Mzee aliliangalia birika. Hakutazama maji wala mikono yake. Alitazama birika lenyewe, lile la plastiki ya kijani, kisha alitazama pembeni, na uso ukafungwa.

"Anataka kumimina," Asiya akamwambia Irène. "Huyu alikuwa anamimina mafuta bila faneli."

"Voilà," akasema Irène. "Basi birika. Weka maji ya glasi moja tu. Akiliweza, ongeza. Na kijiko, kizungushie kitambaa mpini uwe mnene. Kwa mkono wa kulia."

Hapo Mzee hakuhitaji kubembelezwa, maana kwa mkono wa kushoto Mwislamu hali, naye asingekula nao hata afe njaa. Heri kulishwa na mtu, na hilo ndilo lililokuwa likimharibia.

Siku ya kwanza birika lilianguka mara saba. Kila lilipoanguka mwili wa Asiya uliinuka wenyewe, kama mtu aliyeitwa, na Irène bila hata kugeuka alisema, "Kaa." Mara ya saba Asiya alikaa, lakini miguu yake ilikuwa inakimbia palepale chini ya kiti. Kijiko kilipanda kikatetemeka, kikafika shavuni, supu ikaingia kwenye kola. Asiya alikuwa ameshikilia kitambaa kwa nguvu mpaka vidole vikauma. Jamani, uchungu ule! Ni rahisi kusema kaa. Jaribu wewe kumtazama mzee wa heshima akitafuta mdomo wake mwenyewe, chakula kinapoa, na mikono yako mizima iko mapajani haina kazi.

Siku Irène hayupo, Asiya aliiba. Mzee aliposhika birika, yeye alipeleka kidole kimoja kidogo chini ya kitako, akaliinua kidogo tu. Maji yakamiminika vizuri. Asiya akasema, "Mashallah, Mzee!"

Mzee akaweka birika chini. Mtu aliyebeba vyuma maisha yake yote, unataka kumdanganya uzito?

"Toa," akasema.

"Nitoe nini, Mzee?"

Neno lilikwama, akalipigania, mishipa ya shingo ikasimama. "Kidole," akasema mwishowe. "Toa."

Asiya akaona haya kama mtoto aliyekamatwa na sukari.

Ndipo alipotafuta njia ya kuitia mikono yake kifungo. Alinunua kilo ya maharage, akakaa na ungo mita moja kutoka kwa Mzee, akawa anachambua. Kilo ile ilikwisha kabla Mzee hajafika nusu ya bakuli. Akaongeza mchele, nao ukaisha. Akatazama ungo mtupu, akamtazama Mzee, kijiko kinatetemeka hewani, akahisi mikono inainuka. Kwa haraka akamwaga maharage juu ya mchele, akachanganya vizuri kwa viganja viwili, na akaanza upya kutenganisha punje kwa punje. Kuanzia siku ile ilikuwa hivyo. Maharage yaleyale na mchele uleule, vinachanganywa, vinatenganishwa, vinachanganywa. Havikupikwa kamwe.

Na dawa ikafanya kazi, usicheke. Ijumaa ya tatu Mzee alifikisha vijiko vinne mdomoni. Birika alilibeba likiwa na glasi mbili, akamwaga nusu chini na nusu kwenye kiganja chake cha kushoto. Aliposikia maji kiganjani, aliutazama ule mkono wa kulia kama mtu aliyerudi safari. Asiya alitamani kupiga vigelegele. Alichanganya maharage badala yake.

Lakini Jabe ni Jabe. Kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Watu huja kumjulia hali kutoka alasiri, mmoja na uji, mmoja na machungwa, na kila mmoja anataka thawabu zake. Thawabu zenyewe ni nini? Ni kumlisha mgonjwa angalau vijiko viwili kwa mkono wako. Wageni watano ni vijiko kumi, na Mzee anafungua mdomo kwa sababu hawezi kumkatalia mgeni. Kazi yote ya mchana ikabomolewa kwa mapenzi ya jioni.

Wa kwanza katika hao alikuwa Mama Ilias, jirani wa ukuta kwa ukuta. Roho yake si mbaya, ila mdomo wake una miguu. Siku ya Jumanne, wiki ya nne, aliingia mapema kuliko kawaida, na hebu fikiria alichokikuta. Mzee ameloa kanzu kuanzia kifuani, jasho linamtoka, supu kidevuni, birika limelala ubavu mkekani. Na mita moja kutoka pale Asiya amekaa kitako, anachanganya maharage safi na mchele safi.

"Astaghafirulahi!" Mama Ilias akashika kifua. "Asiya! Unafanya nini?"

"Nachambua."

"Unachambua au unachanganya? Mi nakuona kwa macho yangu! Mzee anazama kwa maji na we umekaa? We, mutoto wa Zubeda? Mama yako ungemfanyia hivi?"

Hapo ndipo palipomuuma. Asiya angeweza kujibu. Angeweza kusema, mama yangu ningemfanyia hivi, laiti ningejua. Badala yake aliona aibu, aibu ya mtu ambaye mtaa mzima ulimsifu na sasa jicho la mtaa limemkuta hana kazi. Akainuka. Akafuta kidevu cha Mzee. Akakinyakua kijiko, akakijaza, akakipeleka mdomoni, mbele ya Mama Ilias, ili tu afunge kinywa chake.

Mzee alimtazama. Kisha akageuza uso ukutani, akafunga mdomo, na hakula tena siku ile. Jumatano alipowekewa birika hakuligusa. Alhamisi mkono ulilala mapajani kama zamani, na kijiko alikiacha kipoe. Asiya alijaribu maneno yote. Alijaribu mzaha. Mzee alitazama dirishani, malori yakapita, hakuyasikiliza hata moja. Ijumaa ya nne Mohamadi alikuja, akamlisha baba yake mwenyewe, tonge kwa tonge, na Mzee akafungua mdomo kama ndege. Mohamadi alitoka uani na macho mekundu. "Naandaa chumba," akamwambia Asiya.

Asiya hakufua chochote siku ile. Aliingia ndani, akakaa chini mbele ya kiti cha Mzee, mikono mapajani, bila ungo.

"Mzee, nimekukosea," akasema. "Nilikuuza kwa Mama Ilias ili nionekane mwema. Na mama yangu vilevile nilimfanyia yote, nikasifiwa. Sijui kama nilimuuguza au nilimfunga. Nisamehe. Sitakugusa tena, wallahi, hata birika likuangukie kichwani."

Mzee aliusogeza polepole mkono wa kulia kutoka pajani hadi kwenye mkono wa kiti. Safari ya shibri moja. Asiya akainuka taratibu, akajaza birika glasi mbili, akaliweka mahali pake. Kisha akafanya jambo ambalo Jabe hawajamaliza kulizungumza mpaka leo. Alibeba kiti na ungo wake, akatoka nje, akafunga mlango wa sebule nyuma yake, akakaa kizingitini. Walipokuja wageni na uji wao, aliwaambia wote neno moja.

"Mzee yuko kazini. Mje baada ya magharibi, chakula kikiwa kimeondolewa."

"Kazini? Mgonjwa?"

"Yuko kazini."

Kumzuia mtu asimwone mgonjwa! Wapo waliodhani Mzee amekufa na anafichwa. Ndani, kupitia mlango, Asiya alisikia birika likianguka, kimya, kisha plastiki ikikwaruza sakafu inainuliwa tena. Alisikia kikohozi na alisikia tusi moja, tena zima, halikukwama popote. Kila sauti ilimpiga mgongoni. Alichambua, akachanganya, akachambua, machozi yanadondokea kwenye mchele, na hakufungua mlango. Siku sita alikaa pale, akiingia tu kuweka chakula na maji na kuondoa vyombo.

Mama Ilias alimpigia simu Mohamadi siku ya tano. "Baba yako kafungiwa ndani kama kuku," akamwambia. "Tunasikia anaanguka anguka. Na huyo uliyemleta amekaa mlangoni anachanganya maharage na mchele, anatenganisha, anachanganya. Huyo si mzima, Mohamadi."

Kwa hiyo Ijumaa ya tano, wiki nzima kabla ya ahadi, Mohamadi alikuja na pikapu ya kubebea kitanda. Ametoka msikitini, shati jeupe, suruali ya kijivu iliyopigwa pasi mpaka inakata. Hakumsalimia Asiya.

"Da Asiya, kusanya vitu vyako. Na Baba anakwenda leo."

Asiya akasimama kizingitini. Hakujua Mzee amefikia wapi. Siku sita, Mzee akiwa kazini, hakumtazama, alisikia tu.

"Chakula kiko tayari," akasema. "Kula na baba yako kwanza. Kisha unifukuze."

Hakuna anayekataa chakula nyumbani kwa baba yake siku ya Ijumaa. Mohamadi akaingia, akamsalimia Mzee, akavua viatu, akakaa mkekani chini ya kiti chake, beseni katikati. Kwa mazoea, bila hata kutazama, akanyoosha mikono yote miwili juu ya beseni kungoja maji. Na kwa mazoea yaleyale, Asiya akalichukua birika.

"Weka," Mzee akasema.

Asiya akaliweka.

Mkono wa kulia ulitoka pajani. Ulikwenda polepole, ukakosa mpini, ukarudi, ukaupata. Vidole vikafunga kimoja kimoja. Birika likainuka. Lilikuwa limejaa, Asiya alilijaza mwenyewe, kwa ajili ya watu wawili, hakufikiria. Loo, si glasi mbili wala tatu! Likatetemeka, mdomo wake ukageuka, na maji yote ya mwanzo yakamwagikia ile suruali ya kijivu.

"Baba, lete..." Mohamadi akainua mkono kulidaka.

Asiya akamkamata kiganja. Hakujua kama amefanya hivyo hadi alipoona vidole vyake vimezunguka mkono wa tajiri wa Kibenga, aliyetoka tu kumfukuza.

"Mwache," akasema. "Kaa hivyohivyo. Usimsaidie. Najua inavyouma, mi mwenyewe inaniuma, lakini mwache."

Mohamadi alimtazama, akamtazama baba yake. Hakuna aliyewahi kumwambia akae bure. Mzee alikuwa anapumua kwa mdomo, jasho linaingia machoni, na birika linapanda na kushuka. Mohamadi akarudisha mikono juu ya beseni. Akangoja. Nje pikapu ilikuwa imeachwa inanguruma. Mwanamume yule akangoja, magoti yameloa, mikono imenyooshwa kama ya mtoto, mpaka uzi mwembamba wa maji ulipotoka kwenye mdomo wa birika, ukayumba, ukatulia, ukaanguka katikati ya viganja vyake. Alivifikicha taratibu. Maji hayakukatika hadi alipomaliza.

"Pampu," Mzee akasema kwa shida, na kuinua kidevu kuelekeza nje kwenye pikapu. "Pampu... imechoka."

Mohamadi akaanza kucheka, na kucheka kukageuka kilio. Alilia kwa sauti mbele ya Asiya bila kujificha. Kisha walikula. Mzee alishika kijiko chake kinene, akamwaga, akala, akamwaga, na sahani yake ilikwisha robo saa baada ya ya mwanawe. Mohamadi alikaa akamngoja. Asiya aliona miguu yake inachezacheza chini, akajua amempata mwenzake.

Alipokuwa akivaa viatu Mohamadi alisimama mlangoni, suruali bado imemgandia mapajani.

"Ijumaa ijayo nitavaa ya zamani," akasema. Akaenda na pikapu yake tupu.

Asiya akaanza kukusanya sahani. Mzee akalitikisa birika, bado lilikuwa na maji kidogo.

"Asiya. Leta."

"Nitanawa bombani, Mzee. Wewe pumzika."

"Apana. Mikono. Leta."

Akapiga magoti mbele ya beseni, akaitoa mikono yake, ile iliyosifiwa, akaiacha hewani haifanyi chochote. Mkono wa Mzee ukaanza tena safari yake kutafuta mpini, ukauzunguka, ukaukosa. Na wakati anangoja, Asiya akaukumbuka mkono mwingine wa kulia. Mara nyingi, miaka ile ya kwanza, mkono wa mama yake ulikuwa ukitambaa hivihivi juu ya blanketi, kuelekea kwenye kikombe. Naye kila mara aliushika, akaurudisha kwa upole chini ya shuka, akasema, "Tulia, Mama. Nipo mimi."

Maji yalikuwa ya baridi. Alingoja hadi yakaisha.